Ukiwapa malazi ndugu wa wanajeshi wastaafu, waachie jiko

Watu wanaoniuliza habari za malazi ya bure huanza na vitanda. Wananunua vitanda, magodoro, hata mapazia, halafu wanashangaa mgeni akiaga siku ya pili na kurudi kulala barazani hospitalini. Mimi nina vyumba viwili vya uani hapa Mbeya mjini, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Tangu mume wangu afariki, naye alikuwa mwanajeshi, vyumba hivyo nawapa bure wanaouguza wazee waliotumikia jeshi. Nikiulizwa nianze na nini, jibu langu ni jiko.

Hospitali hii inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Mzee akitolewa Sumbawanga au Ludewa haji peke yake. Anafuatana na mkewe, au binti, au mjukuu aliyeachishwa kibarua ili amshike babu mkono. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, sera inasema hivyo. Mkewe sasa atalala wapi? Na mama huyo hakuja kukaa tu: kuna uji wa alfajiri, chakula cha mchana, cha jioni, mashuka ya kufua. Hata ukimlipia gesti, gesti haina pa kupikia. Atanunua kila kitu kwa mama lishe, na nauli aliyoifunga kwenye pindo la kanga itaishia hapo.

Marekani wana nyumba zinazoitwa Fisher House, zilizoanzishwa mwaka 1990 na Zachary Fisher na mkewe Elizabeth. Zimejengwa karibu na hospitali za jeshi na za maveterani, familia zinakaa bure wakati mgonjwa wao anatibiwa. Pesa zao sina. Ila nilipozisoma habari zao nilifurahi kukuta kila familia ina chumba chake, lakini jiko ni la wote. Ndivyo ilivyo uani kwangu, tofauti ni kwamba langu ni la mkaa na limeezekwa bati.

Kuna msemo wetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa wageni hawa jembe litoe siku ya kwanza. Mwonyeshe ufagio uko wapi, maji yanachotwa wapi, sufuria ipi ni yake. Mama anayekaa bure bila kugusa kitu anajiona ombaomba, na ombaomba haombi chumvi hata akiishiwa. Akishafagia uwanja wako mara moja ataongea, na hapo ndipo utakapojua kwamba dawa imeandikwa na haijanunuliwa.

Suala la nani apokewe linawasumbua wengi kuliko linavyostahili. Karatasi ya rufaa naitazama, kitambulisho cha mgeni pia, na jina linaandikwa kwenye daftari ambalo mwenyekiti wa mtaa analifahamu. Kitambulisho cha jeshi sidai. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 walichukuliwa pia mgambo wengi, na wengi wao walirudi shambani bila karatasi ya maana. Ukidai karatasi utawafungia nje haohao. Ukimwuliza mzee alikuwa kikosi gani na walipita wapi kwenda Kampala, utachoka wewe kabla yake. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali naye ni wa kumzoea, maana anajua familia zipi zinalala nje.

Sasa baridi. Mtu wa Kyela au wa bonde la Usangu anashuka stendi ya Nane Nane mwezi Juni na kanga mbili, akidhani Mbeya ni kama kwao. Blanketi moja halitoshi, weka mawili kila kitanda. Hapa pana hatari ambayo nairudia kwa kila mgeni mpaka wanangu wananicheka: jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba. Usiku wa Julai mgeni atajaribu. Ataliingiza likiwa limebaki makaa tu, afunge dirisha, aseme moshi umekwisha. Sumu ya mkaa haina moshi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kwa hiyo jioni jiko linakusanywa na kufungiwa stoo, na anayeona baridi anapewa maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, aiviringishe taulo. Vilevile acha tundu la hewa juu ya dirisha na usikubali lizibwe kwa gunia.

Muda wa kukaa usiuhesabu kwa siku. Mwambie mgeni mlangoni: chumba ni chako mpaka mgonjwa aruhusiwe, na akiruhusiwa mnalala usiku mmoja wa kupumzika, kesho yake basi. Neno hilo likisemwa mapema halimuumizi mtu. Likisemwa baadaye linasikika kama kufukuzwa.

Na msiba lazima uuzungumze na watu wa nyumbani kwako kabla haujatokea. Kwangu ndugu wanakutana hapa kupanga usafiri, chai inapikwa, wanalala wanaolala, lakini matanga yanakwenda kwao. Sitoi fedha za kusafirisha mwili, natoa simu na majina ya wenye magari. Anayeanza leo asijitwike gharama hiyo, itamfilisi na vyumba vitafungwa.

Pesa ya mgeni usipokee, hata ya umeme. Zawadi ni jambo jingine. Wengi hurudi kwa ajili ya kliniki, na wa Kyela hawaji mikono mitupu. Mchele ukija, pokea. Mimi naupika siku hiyohiyo kwa waliopo, na aliyeuleta ndiye anayepakua.