Maji Yanateleza, Barafu Inang'ang'ania

SWALI: Nimepaka kipako cha kufukuza maji kwenye bamba la alumini. Tone likidondoka linabingirika kama ushanga. Lakini bamba likilala kwenye friza, barafu inashika hata kwa bisibisi haitoki. Nimeuziwa kitu kibovu? Nilinganisheje vipako viwili kabla ya kupaka kazi kubwa?

JIBU: Si lazima kiwe kibovu. Kufukuza maji na kuachia barafu ni kazi mbili. Vipako vya namna hiyo vina vinundu visivyoonekana kwa macho. Tone hukaa juu yake likiegemea hewa iliyonaswa katikati, ndiyo maana mvua huruka kabla haijaganda. Bamba baridi likikutana na hewa yenye unyevu, sakitu, yaani unyevu wa hewa ulioganda, huota ndani ya mianya hiyo hiyo. Barafu inayofuata hujikita humo, na pengine hushika kuliko kwenye alumini tupu.

Basi acha matone, pima nguvu. Kata pete ya bomba gumu la plastiki, kipenyo cha ndani milimita 20. Isimamishe kwenye bamba lililopoa hadi nyuzi -10, dondoshea maji kidogo yagande na kuziba ukingo wa chini, kisha jaza hadi kina cha milimita 10, kama mililita 3 hivi. Acha saa 3. Kwangua barafu iliyovujia nje ya pete. Bana bamba kwenye ubao, zungushia pete waya mwembamba, uvute kwa mizani ya ndoano sambamba na bamba, polepole.

Waya ukae milimita 1 au 2 tu juu ya bamba. Ukipanda, pete huinama na kubanduka upande mmoja, na mizani husoma kidogo kuliko ukweli. Vuta mara tu bamba linapotoka kwenye friza: utando wa maji ukishajitokeza chini, kila kipako kitaonekana bingwa.

Kwa pete hiyo, kilo 1 kwenye mizani ni takriban kilopaskali 31 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Chini ya kilopaskali 100 (kilo 3.2) ndipo kipako huanza kuhesabiwa kuwa cha kuzuia barafu, barafu kudondoka yenyewe kwa uzito au upepo hudai kama 20, yaani gramu 640. Pima pete 5 kwa kila kipako, na 5 kwenye alumini tupu. Barafu ikikatikia katikati na kuacha kipande kwenye bamba, nguvu halisi ya mshiko ni kubwa kuliko uliyosoma.

SWALI: Kipimo kimoja kinatosha?

JIBU: Hapana. Rudia mahali pale pale mara 20, na baadhi ya raundi ziotee sakitu kwanza. Vinundu huvunjika na kuondoka na barafu. Namba ikipanda kila raundi, kipako kinakwisha. Linganisha pia na tabaka nene la mpira laini wa silikoni: maji hayabingiriki juu yake kwa madaha, ila mpira hunyumbuka chini ya barafu ngumu na kuibandua.