Kiuno kinauma na kazi ni ya kukaa: nimweleze bosi?

SWALI: Kwako mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu katika kampuni binafsi jijini Mwanza. Kwa zaidi ya miaka miwili nimeishi na maumivu ya kiuno ambayo wakati mwingine hushuka hadi kwenye paja. Nilipigwa picha, daktari akasema diski moja ya uti wa mgongo imechakaa lakini haihitaji upasuaji. Nikiamka na nafuu hufanya kazi kwa mkupuo ili nifidie nilipochelewa, na kesho yake hushindwa hata kuinama. Ninameza diklofenaki karibu kila siku. Wenzangu wakiniona natembea vizuri wanadhani ninadeka, mkuu wangu wa idara hajui lolote, na mama ananisihi niache kazi nilale nipone. Je, nimweleze bosi au ninyamaze nisionekane mzigo?

JIBU: Dada yangu, mweleze, ila usiende kwake ukiwa na malalamiko matupu. Kabla ya kufika huko, kuna jambo katika barua yako linalonitia wasiwasi kuliko bosi wako, nalo ni hizo siku za nafuu.

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu madaktari huyahesabu kuwa maumivu sugu, na tabia yake si ile ya jeraha jipya, kwa kuwa mfumo wa fahamu unaweza kuendelea kutoa ishara ya hatari hata pale ambapo hakuna kinachozidi kuharibika. Ndiyo maana picha peke yake haielezi mengi. Watu wengi wasioumwa popote wakipigwa picha nao hukutwa na diski zilizochakaa. Mtu mwenye maumivu ya namna hii akipanga kazi kwa kufuata alivyoamka, siku njema ndiyo humponza, maana huutumikisha mwili kupita uwezo wake kisha huulipa kwa siku kadhaa za kulala, na kila mzunguko humfanya aiogope zaidi kazi yake. Kwa hiyo kipimo cha kazi kiwe saa, wala si maumivu. Chunguza ni dakika ngapi unaweza kukaa kabla kiuno hakijaanza kulalamika; zikiwa 40, nyanyuka dakika ya 30, siku mbaya na siku njema vilevile, usome nyaraka ukiwa umesimama au utembee hadi kwenye printa, ndipo urudi. Ugumu utauona siku ya nafuu, kwa sababu kusimama ilhali huumwi huonekana kama kupoteza muda, na hapo ndipo wengi huuvunja utaratibu. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi itakujaribu kuliko nyingine, hivyo kulinganisha daftari na taarifa za benki kuanze mapema, kidogo kidogo, kusirundikane siku tatu za mwisho.

Kiti kisikusumbue sana. Nyayo zifike chini, ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta ukaribiane na usawa wa macho, na kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno inaweza kutosha. Hakuna mkao ambao mwili utauvumilia saa nane mfululizo.

Diklofenaki ya kila siku ni suala jingine, kwani huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Rudi kwa daktari mpange dawa upya, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu ukaanza kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mama yako mjibu kwa upole, kwa kuwa zamani hata madaktari walishauri kulala. Leo inafahamika kwamba kulala kutwa hudhoofisha misuli na huchelewesha nafuu.

Sasa bosi. Mwombe daktari akuandikie barua inayotaja mipaka yako kazini, kwa mfano kwamba hupaswi kukaa muda mrefu bila kunyanyuka wala kubeba masanduku ya mafaili. Nenda nayo pamoja na maombi mawili au matatu yanayotekelezeka, ukionyesha jinsi kazi itakavyokamilika. Historia yote ya ugonjwa si lazima uisimulie. Baada ya mazungumzo, mtumie barua pepe fupi ya shukrani ukitaja mliyokubaliana, kwa sababu wakuu wa idara huhamishwa na ahadi za mdomo huondoka nao.

Ukihofia kibarua chako, fahamu kwamba kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri achunguze ukubwa wa tatizo na njia mbadala kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya. Tunza nakala za vyeti vyako nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Wenzako wanaosema unadeka huna deni kwao.

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi, Morogoro. Nimeshauriwa kununua mkanda wa kiuno nivae kazini. Je, unasaidia?

JIBU: Okoa fedha yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, haupendekezi mikanda hiyo kama tiba ya kawaida. Miongoni mwa yanayopendekezwa ni mazoezi na elimu ya kujihudumia. Ila kama ulipewa mkanda na daktari baada ya kuvunjika au kufanyiwa upasuaji, usiuvue mpaka yeye aseme.