Bastola Nzuri, Wanunuzi Hakuna

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ana kibali, anajifunza shabaha, na amepata nafasi ya kununua Heckler & Koch P7 iliyotunzwa vizuri. Kinachomsumbua ni kwamba kila anayemweleza anamcheka. "Mzee," anauliza, "kama bastola hii ni nzuri kama unavyoisifu, mbona haina watu?" Swali hilo liliwahi kunifika zamani, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa akinilipa mshahara, na kusema kweli bado linaniuma.

P7 ilizaliwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Baada ya shambulio la Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, polisi wa huko walitaka bastola ambayo askari ataibeba kwa usalama na kuifyatua papo hapo, bila kuhangaika na vitufe. Wabunifu wakauhamishia usalama wote kwenye mpini. Ukiufumbata, kipande cha mbele kinazama na bastola inajikoki. Ukilegeza vidole, inarudi kulala. Mtutu wake hautikisiki na umekaa chini, karibu kabisa na mkono, kwa hiyo mdomo hauruki sana risasi inapotoka. Kwa kulenga, mimi sijashika bastola ndogo ya 9 mm (upana wa risasi yake) inayoishinda. Nabishana na yeyote juu ya hilo.

Sasa njoo usimame nami nyuma ya kaunta, enzi zile nilipokuwa nauza. Mteja anaichukua, anaubana mpini, unalia "tak". Anashtuka. Anaachia, unalia tena. Ananitazama kama niliyempa kitu kibovu. Namweleza kwa utaratibu, anaitikia kwa adabu, kisha anailaza kwenye kitambaa na macho yake yanahamia kwenye Glock ya pembeni, ile bastola ya Austria. Ile haihitaji mhadhiri. Anaishika, anaielewa, anauliza bei. Niliyaona hayo hadi nikawa najua mteja ataiweka chini sekunde gani.

Aliyevumilia akaenda nayo uwanjani alikutana na jingine. P7 hutumia gesi ya risasi yenyewe kuchelewesha slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, isirudi mapema, na gesi hiyo inaingia kwenye silinda iliyo juu tu ya kifyatulio. Maliza magazini kadhaa, vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini, mfululizo na chuma cha pale kinaanza kuunguza kidole. Askari anayefyatua risasi chache hatalijua hilo maisha yake yote. Mwanafunzi wa shabaha atalijua siku ya kwanza. Halafu kuna gharama: bastola nzima ni chuma kilichochongwa kwa makini, na uchongaji wa namna ile una bei yake hata baada ya kupita mikono kadhaa.

Mwenye duka aliniita mbele ya wenzangu akaniuliza kama nauza bastola au natoa mihadhara. Zile P7 nilizomshauri aagize hazikuwa na kasoro hata moja. Hakuna iliyorudishwa kwa ubovu. Nilichagua vizuri, na nitalisema hilo hadi naingia kaburini. Ila pale ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini bastola nzuri hudoda, na nikaanza kusoma historia zake kwa hasira ya mtu aliyedhalilishwa.

Nilichokuta ni kwamba mnunuzi hanunui bastola peke yake. Ananunua magazini zake, ala yake, springi zake, fundi wake, risasi zake, na mkono ambao tayari umezoea. Ukikosa kimojawapo, ubora wa chuma haukusaidii kitu.

Chukua VP70, ya kampuni ileile ya Wajerumani. Ilitoka mwaka 1970 ikiwa na kiunzi cha plastiki na magazini ya risasi 18, miaka 12 kabla jeshi la Austria halijaikubali Glock 17. Leo watu wanaamini Glock ndiye aliyeleta plastiki. VP70 ilitangulia kwa mbali, na ilikuwa imara. Lakini kifyatulio chake kilikuwa kigumu mno. Kidole kinavuta, kinavuta, na shabaha imeshahama kabla risasi haijatoka. Mteja wa kawaida hapimi uimara wa kiunzi. Anavuta kifyatulio mara moja dukani, na hapo ameshatoa hukumu.

Bren Ten ndiyo inayonihuzunisha kuliko zote. Dornaus & Dixon wa Marekani walianza kuitengeneza mwaka 1983, wakichukua umbo la CZ 75, bastola ya Chekoslovakia, na kulitengenezea risasi mpya ya 10 mm yenye nguvu. Ilisifiwa sana, na shujaa wa tamthilia moja ya runinga iliyopendwa mno aliibeba kila wiki. Nani asingependa tangazo la namna hiyo? Wateja wakalipa mapema, wakasubiri. Bastola zikafika, nyingi zikiwa hazina magazini! Magazini za ziada nazo hazikupatikana. Bastola isiyo na magazini ukiifyatua unapakia risasi moja moja kama mtu wa karne ya kumi na tisa. Kampuni ilifilisika mwaka 1986. Risasi yake, cha ajabu, iliokoka: Colt waliibeba kwenye bastola yao ya Delta Elite mwaka uliofuata, na mpaka leo 10 mm ina wapenzi wake.

Hapo ndugu msomaji utanisamehe nikihubiri kidogo. Kabla hujaangalia mtutu, uliza magazini. Kabla hujasifu muundo, uliza springi zinatoka wapi. Nikisema nimeipenda bastola, wanafunzi wangu sasa wananijibu wenyewe, "Magazini zipo?" Na wanafanya vizuri. Wewe pia uliza, tena uliza mara mbili, kwa sababu muuzaji anayetaka kuondoa mzigo atakwambia zipo njiani. P7 ya bwana aliyeniandikia niliijibu hivyo hivyo: inunue kama inakuja na magazini za kutosha, na kama anamjua fundi aliyewahi kuifungua.

Sababu ya pili ni nani mwingine anaibeba. Steyr GB ilikuwa bastola ya Austria, ya risasi 18, tulivu mkononi kwa mfumo wake wa gesi. Ikashindwa nyumbani kwao, kwenye jeshi la Austria, na Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa hajawahi kutengeneza bastola. Alijulikana kwa visu na vyuma vya mapazia. Ikajaribu pia mashindano ya jeshi la Marekani, ikatoka patupu. Bastola iliyokataliwa na majeshi mawili raia anaiona ina siri mbaya, hata kama haina.

Lakini kushindwa si lazima kuue. Mwaka 1985 Beretta 92 iliishinda SIG P226 kwa jeshi la Marekani, na kilichoamua mwishoni kilikuwa bei ya jumla ya vifaa vyote. P226 haikufa, kwa sababu makomandoo wa majini wa Marekani waliichukua, na kila kijana akataka kushika wanachoshika wao. Glock naye aliingia kwa polisi wa Marekani kwa kuwapokelea silaha zao za zamani na kuwapunguzia bei. Askari wakaizoea, raia wakafuata. Mbunifu anayedhani chuma chake kitajisemea mwenyewe anajidanganya, na hapa nawasema hata baadhi ya marafiki zangu wanaochora bastola mpya kila msimu wa mvua na jua.

Na usidhani jina kubwa linatosha. Mwaka 2003 Glock alileta risasi ya .45 GAP, fupi kuliko .45 ya kawaida (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), ili nguvu ileile iingie kwenye mpini mdogo. Wazo zuri kabisa. Polisi wa majimbo kadhaa ya Marekani wakaipokea, kisha mmoja baada ya mwingine wakaiacha. Viwanda vya risasi vinafuata wateja, na wateja walikuwa wamebaki na 9 mm na .45 yao ya zamani. Ukikuta Glock 37, inayotumia risasi hiyo, inauzwa rahisi, haina ubovu. Waulize tu wauzaji watatu kama wana risasi zake kabla hujafungua pochi.