Maswali ya wasomaji: Shahada ya kilimo na usajili wa SACNASP, baraza la wanasayansi asilia la Afrika Kusini

SWALI: Nilisoma agronomia (sayansi ya mazao) SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, miaka 3, kisha nikachukua uzamili wa sayansi ya udongo hapa Pretoria. Niko kwenye kampuni ya tathmini ya mazingira. Ripoti naandika mimi, anasaini mwenzangu aliyesajiliwa. Na mimi nisajiliweje?
– Msomaji, Centurion

JIBU: Kampuni yako inafuata sheria inapotaka aliyesajiliwa ndiye asaini. Kifungu cha 20 cha Sheria namba 27 ya 2003 ya Afrika Kusini kinazuia asiyesajiliwa kufanya kazi za sayansi asilia zilizotajwa humo. Zaidi ya hapo, taratibu za tathmini za Machi 2020 zinataka ripoti ya ardhi ya kilimo iandaliwe na mtaalamu wa udongo au kilimo aliyesajiliwa SACNASP.

Shahada ya miaka 3 peke yake haikufikishi kwenye Pr.Sci.Nat., yaani daraja la mwanasayansi asilia kamili; daraja hilo linadai masomo ya miaka 4, au 3 pamoja na mwaka wa honours (mwaka wa ziada baada ya shahada). Kinachokubeba ni uzamili. Mwenye masomo ya miaka 4 anahitaji uzoefu wa kazi wa miaka 3, mwenye uzamili 2, mwenye udaktari 1. Kama miaka yako ya uzoefu haijatimia, omba daraja la mtarajiwa sasa hivi, ufanye kazi chini ya msimamizi aliyesajiliwa.

Anza na SAQA, mamlaka ya Afrika Kusini inayotathmini vyeti vya masomo, maana cheti cha nje lazima kikatathminiwe huko na hatua hiyo ndiyo hula muda. Uzamili wa Pretoria hauhitaji tathmini hiyo.

Fani ya maombi iwe ile ambayo masomo na kazi zako vinakubaliana. Wako ujaze sayansi ya udongo. Ukijaza sayansi ya mazingira kwa sababu kampuni inaitwa hivyo, wakaguzi watatafuta masomo ambayo hukusoma.

Panapowaangusha wengi ni maelezo ya uzoefu. “Nilisaidia kuchukua sampuli” ni kazi ya kibarua. Andika ulichoamua mwenyewe: ulichimba mashimo ya kuonyesha tabaka za udongo, ukapima kina na kiasi cha udongo wa mfinyanzi, ukaainisha udongo huu Hutton na ule Avalon (majina ya aina za udongo za Afrika Kusini), ukashauri kipande kipi kisimwagiliwe kwa sababu maji yangetuama chini. Wadhamini wako, wale watakaothibitisha maelezo yako, nao wawe wanaijua kazi hiyo. Profesa mwenye jina kubwa ambaye hajawahi kuona ripoti yako atajibu fomu kijuujuu tu.

SWALI: Mimi ni mhitimu wa agronomia wa Lubumbashi. Karatasi zangu zote ni za Kifaransa. Nifanye nini?
– Msomaji, Johannesburg

JIBU: Zipeleke kwa mtafsiri aliyeapishwa, cheti pamoja na orodha ya alama, kisha uwasilishe SAQA tafsiri pamoja na nakala za Kifaransa. Usijitafsirie, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Na usikadirie mwenyewe kiwango cha shahada yako kwa kuhesabu miaka uliyokaa chuoni: daraja la kuomba SACNASP lichague baada ya kuona SAQA wamekuweka wapi.