"Soundscape": anza na mkia wa neno

Nahariri sauti za vipindi vya redio, na vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza sana neno "soundscape", yaani mandhari ya sauti za mahali, limetoka wapi. Ushauri wangu ni huu: neno la Kiingereza lililoundwa kwa kuunganisha maneno mawili likikutatiza, anza na mkia wake.

"Sound" ni sauti, hilo halina shida. Kazi iko kwenye "scape". Wapo wanaodhani ni "escape", kutoroka, wakajenga maana nzima juu ya dhana hiyo. Siyo. Kipande hicho kimemegwa kutoka "landscape", neno ambalo Waingereza walilipata kwa Waholanzi mwishoni mwa karne ya 16. Kiholanzi ni "landschap": "land" ni nchi, na "schap" ni kiambishi, ndugu wa "ship" iliyomo kwenye "friendship". Lilipita kwa wachoraji. Kwa Kiingereza lilianza kama jina la picha ya mabonde na miti. Maana ya mandhari yenyewe, ile unayoiona ukisimama kilimani, ilikuja baadaye. Hapo ndipo ninapopapenda: mchoro ulitangulia, nchi ikarithi jina la mchoro wake.

Kisha mkia ukakatwa na kupachikwa kwingine. Picha ya bahari ikawa "seascape". Kwenye sauti ulifika karne ya 20: mwaka 1969 Michael Southworth alilitumia neno hili akichunguza sauti za jiji la Boston, na aliyelieneza zaidi ni mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, ambaye mwaka 1973 alitoa na wenzake santuri za sauti za Vancouver.

Ukishajua asili hiyo, rekodi kama mchoraji. Schafer alitenganisha sauti ya usuli, sauti ya ishara, na sauti inayotambulisha mahali. Nenda Feri, penye kivuko na soko la samaki la Dar es Salaam, usikilize. Mawimbi na mngurumo wa magari ni usuli. Honi ya pantoni ni ishara. Mnadi wa samaki anayepandisha bei kwa sauti yake ya kukwaruza, huyo ndiye anayekwambia uko Feri na si kwingine. Mimi huchukua usuli peke yake kwanza, dakika kadhaa bila kusogeza maikrofoni, ndipo namfuata mnadi. Usuli ukikosekana, wakati wa kuhariri hupati pa kumsimamisha.