Msikiti wetu wa zamani upigwe simenti?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Mikindani, Mtwara. Mtaani tuna msikiti mdogo wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa kibla umeanza kumenyeka, kamati imeshachangisha hela wanataka wapige simenti nje ndani halafu tailizi. Shemeji yangu yuko Uingereza anasema huko vijijini nyumba za ibada za watu wa Quaker zina miaka zaidi ya 300 na bado zinatumika. Wao wanafanyaje?

JIBU: Marahaba. Kwanza simamisheni hiyo simenti, hata kama mifuko imeshanunuliwa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya chini na chumvi, chokaa inaacha unyevu utoke ila simenti inauziba, basi chumvi inajaa humo ndani inasukuma mpaka plasta inabanduka na jiwe lenyewe. Mtaona umependeza mwanzoni tu.

Hao Quaker ni dhehebu la Kikristo, wenyewe wanajiita Marafiki, hata Kenya wapo wengi tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902. Nyumba zao za kizamani hazina madhabahu wala mimbari, ni mabenchi tu na watu wamekaa kimya mpaka mtu ajaliwe neno. Ya kijiji cha Brigflatts huko Uingereza ilijengwa 1675, enzi ambazo sheria ilikuwa inawakataza hata kukusanyika! Ya kijiji cha Jordans, hukohuko, ni ya 1688, ikaungua moto 2005, paa likaharibika vibaya, wakaitengeneza wakarudi kuabudu humohumo. Kwangu siri kubwa ni hiyo, jengo halifungwi likawa la kuangaliwa tu, watu wanaingia kila wiki kwahiyo paa likivuja anajulikana wa kulisema.

Nanyi mnasali humo kila siku, hapo mmewazidi. Anzeni na paa, halafu ondoeni udongo uliopanda ukutani maji ya mvua yapate njia, ndo mtafute fundi mzee anayejua chokaa. Kilwa Kisiwani hapo Lindi magofu yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004, yakakarabatiwa, yakatolewa 2014, kwahiyo kazi hii kwetu inawezekana kabisa.

Halafu waulizeni wazee umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, kama wenu ni wa huko nyuma hamruhusiwi kuugusa bila kibali, nendeni Idara ya Mambo ya Kale kabla fundi hajashika mwiko. Na pigeni picha kila ukuta leo hii.