Mgomo umekwisha, kesho yake tufanye nini?

Mei 2023 tulifunga maduka Kariakoo kulalamikia usumbufu wa kodi, Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja, kamati ikaundwa. Juni 2024 tukafunga tena. Mbona tunazunguka palepale? (Mwenye duka, Kariakoo)

Kumleta Waziri Mkuu si jambo dogo, ndugu yangu. Swali langu ni hili: baada ya pale, nani mtaani kwenu alipangiwa kuulizia kamati imefikia wapi? Chagueni mtu Msimbazi, mwingine Aggrey, mwingine Kongo, kila mmoja na daftari lake: nani kadaiwa nini, tarehe ngapi, risiti iko wapi. Ukimwambia ofisa "tunaonewa" atakusikiliza na kukusahau. Mwekee mezani rundo la vielelezo vyenye tarehe, atamwita mkubwa wake.

Sisi kina mama tuna kikoba tu. Tutaweza? (Temeke)

Mnaweza, dada. Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa lelemama. Wale walishajuana, walishazoea kuchangishana, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi anayesikilizwa. Kikoba chenu kina hayo yote, pamoja na sanduku la kufuli tatu. Ila fedha za hisa msiziguse. Mchango wa harakati uwe na daftari lake. Wakishagombania hela, hakuna atakayekumbuka mlidai nini.

Bodaboda tugome siku ngapi? (Mbagala)

Kwanza niambie, wangapi kati yenu wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni? Huyo siku ya tatu atawasha pikipiki, na simlaumu. Wamarekani weusi wa Montgomery waligomea mabasi ya ubaguzi tarehe 5 Desemba 1955, wakikusudia siku moja. Wakaenda siku 381. Waliweza kwa sababu walipanga magari ya kubebana kwenda kazini, wakachangishana makanisani, na huku wanatembea kwa miguu kesi yao ikawa inaendelea mahakamani. Mahakama ndiyo iliyoufuta ubaguzi ule. Basi anzeni na mfuko na wakili, tarehe ya mgomo mtaitaja baadaye.

Grupu letu la WhatsApp limejaa. Halitoshi? (Mwanafunzi, Ubungo)

Kwa kuitana, linatosha. Itisheni kikao cha ana kwa ana, mhesabu waliofika. Hao ndio wenu, na asiondoke mtu bila kazi ya kufanya. Na admini awazuie wanaotuma maua ya habari za asubuhi.